Kiraka cha Mgongoni

Kiraka ni neno lisilo na heshima. Mtoto mwenye kiraka katika kaptura yake hukaa chini upesi ili asitazamwe nyuma. Mama mwenye kiraka katika leso yake huigeuza ili upande mzima ndio utazame watu. Hata katika mazungumzo, tukitaka kuidharau kazi ya mtu, husema ametia viraka tu. Mimi nami niliamini hivyo mpaka nilipoingia katika mashindano ya kushona mfarishi, huko kwetu Makina, mwaka 2018. Nilitoka humo bila zawadi, lakini nilitoka na elimu ambayo sikuipata darasani, na sehemu kubwa ya elimu hiyo niliinunua kwa aibu. Ndiyo maana naiandika, ili wengine waipate kwa bei nafuu kuliko niliyolipa mimi.

Makina ni sehemu ya Kibera, jijini Nairobi. Mtu atokaye barabara ya Ngong akalipita soko la Toi, penye marundo ya nguo za mitumba, hufika Makina kwa mwendo mfupi wa miguu. Hapa ndipo penye moyo wa Wanubi wa Kenya. Utasikia Kinubi kikisemwa barazani na Kiswahili sokoni, na adhana ikiita juu ya mapaa ya mabati. Katika nyumba nyingi utaona kawa za kufunikia chakula, ziitwazo tabaga, zilizosukwa kwa rangi kali hata chumba chenye dirisha dogo huonekana kina nuru. Nilizaliwa hapa, nikalelewa na nyanya yangu, ambaye sote nyumbani tulimwita kwa Kinubi, Haboba.

Mwezi wa Julai mwaka ule barabara mpya ilipitishwa katikati ya Kibera, na nyumba, maduka na shule zilizokuwa katika njia yake zikabomolewa. Baadhi ya akina mama wa kikundi chetu cha ushonaji walipoteza vibanda vyao, na wengine hawakuwahi kuziokoa cherehani zao. Kiongozi wetu, mama mkimya aliyekuwa akishona sare za shule tangu ujana wake, alitukusanya akasema kwamba hana hotuba, ila ana kazi. Kila mmoja wetu atashona mfarishi wa viraka kwa muda wa miezi mitatu. Mifarishi yote itakuwa na maudhui mamoja, nayo ni neno moja tu: Nyumbani.

Masharti yalikuwa matatu. La kwanza, uso wa mfarishi usitiwe kitambaa kipya hata kimoja. Kila kipande kiwe kimekwisha kutumika katika nyumba ya mshonaji. La pili, kila kipande kiwe na habari yake, na mshonaji aweze kuisimulia mbele ya watu. La tatu, baada ya maonyesho mifarishi yote iuzwe, na fedha zitakazopatikana ziwanunulie cherehani wale waliopoteza zao. Atakayeshinda atapewa mkasi mzuri wa fundi na heshima yake.

Nilikuwa na umri wa miaka 20. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, najua kuendesha cherehani, na nilijiona fundi. Niliwatazama wenzangu, wengi wao watu wazima waliozoea kushona mapazia na foronya, nikasema moyoni kwamba mkasi ule ni wangu.

Labda msomaji hajapata kushona mfarishi, basi na nieleze. Mfarishi wa viraka una matabaka matatu. Tabaka la juu ni uso, ambao huungwa kwa vipande vingi. La kati ni la kutia joto. Wenye nafasi hutia pamba, mimi nilitia blanketi kuukuu. La chini ni bitana, yaani kitambaa kimoja kipana kisicho na mapambo. Kwa bitana nilitumia amerikani. Jina hilo lina safari ndani yake. Katika karne ya 19 merikebu zilizotoka Salem, huko Marekani, zilileta Unguja majora ya nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na watu wakaiita kwa jina la nchi ilikotoka. Siku hizi nguo hiyo hufumwa kwingineko, lakini jina limebaki.

Nilipiga hesabu. Mfarishi wangu ungekuwa na urefu wa futi 6 na upana wa futi 5. Ukiugawa kwa miraba ya inchi 6, utapata miraba 12 kwa urefu na 10 kwa upana, jumla yake 120. Lakini nilitaka katikati pawe na mraba mmoja mkubwa wa futi moja, wenye kuchukua nafasi ya miraba minne. Kwa hiyo vipande vidogo vikawa 116. Kila kipande kidogo nilikikata kwa inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande. Hili ni jambo la kwanza ambalo mshonaji hujifunza: hakuna kuunga kusikopoteza kitu. Nalitaja mapema kwa kuwa litarudi mbele katika habari hii.

Nilitengeneza kipimo cha kadibodi, nikakiweka juu ya kila kitambaa kwa kufuata mkao wa nyuzi. Kitambaa kikikatwa mshazari huvutika, na mraba uliokatwa asubuhi huwa si mraba jioni. Niliunga safu moja moja, nikaupiga pasi kila mshono kabla ya kuukutanisha na mwingine, na kila usiku nikahesabu vipande nilivyomaliza. Siku nyingine vilikuwa kumi, siku nyingine vitatu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilianza kujaa.

Vitambaa vilitoka kila pembe ya nyumba. Mama alinipa leso aliyonibebea mgongoni nilipokuwa mchanga. Jina lake lilikuwa limefifia hata halisomeki, lakini yeye alilijua kwa moyo. Baba alinipa shati la kazi lenye madoa ya rangi, kwa kuwa yeye ni mpaka rangi, akanionyesha doa la kila nyumba aliyoipaka. Palikuwa na pazia lililotenga chumba chetu na cha wazazi, na sare ya shule ya ndugu yangu mdogo. Palikuwa pia na shati la mitumba lililonunuliwa Toi, ambalo lilivaliwa kwanza na mtu tusiyemjua huko ng'ambo, kisha likavaliwa na ndugu zangu watatu kwa zamu. Kila aliyenipa kitambaa alinipa na habari yake, wala sikuhitaji kuuliza. Sikuona wakati ule kwamba vitu viwili hivyo huenda pamoja: anayetoa kwa mkono wake hutoa na kwa kinywa chake.

Mwalimu wangu wa zamani aliposikia habari ya kazi yangu aliniazima kitabu juu ya mifarishi ya Marekani. Humo nilikutana na Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Mwaka 1886 aliupeleka mfarishi wake, wenye picha za visa vya Biblia, katika maonyesho ya pamba mjini Athens katika jimbo hilo hilo. Mwanamke mmoja mchoraji akataka kuununua, naye akakataa kabisa. Miaka michache baadaye shida ilimbana, akauuza kwa dola 5. Na baada ya kuuza alikuwa akienda nyumbani kwa mnunuzi ili autazame tu. Leo mfarishi huo umo katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington.

Nilisoma pia habari za wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha watu weusi katika jimbo la Alabama, waliogeuza nguo kuukuu za shambani kuwa mifarishi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York, na watu wakamiminika kuzitazama. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata, akaziunga, akapata mfarishi wa kujifunika kwa kumkumbuka.

Habari hiyo iliniwasha. Mraba wangu wa katikati ulikuwa bado mtupu. Nilikuwa nimejaribu leso, nikajaribu pazia, na vyote vilionekana vidogo kwa neno kubwa kama Nyumbani. Sasa nikalikumbuka sanduku la Haboba.

Lilikuwa sanduku la bati, na lilikaa chini ya kitanda chake. Ndani yake mlikuwa na shati la kaki la baba yake, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili waliliita Keya. Shati lilikuwa na mifuko miwili kifuani, na vifungo vilivyosalia vilikuwa vinne. Hapana aliyelivaa. Mara chache kwa mwaka Haboba alilitoa, akalianika, akalirudisha. Nililiona hivyo tangu utoto wangu, wala sikuwahi kuuliza kwa nini.

Ijumaa moja Haboba alikwenda msibani, upande wa Lindi. Nilibaki peke yangu na mkasi. Nilijiambia kwamba nguo isiyovaliwa haina kazi. Nilijiambia kwamba nikimwomba atakataa, na akikataa mfarishi wangu utakosa kiini. Nilijiambia kwamba akiuona umekamilika atafurahi. Hayo yalikuwa maneno matatu, na yote matatu nilimsemea yeye, naye hayupo. Nikalilaza shati kifudifudi mezani, nikaweka kipimo mgongoni, nikakata mraba wa inchi 12 na nusu. Mkasi ulikuwa mkali. Kazi nzima haikuchukua dakika 2. Kisha nikalikunja shati ili tundu lisionekane, nikalirudisha sandukuni. Kama ningekuwa na busara, kukunja kule kungetosha kunionya. Mtu hafichi kitu alichokichukua kwa haki.

Wiki tatu baadaye, baada ya siku za mvua, jua liliwaka vizuri, na Haboba akalitoa shati lake kulianika. Nilikuwa uani nikiosha vyombo. Alilinyosha kwenye kamba, na mwanga ukapita katikati yake, ukaangukia ukutani kwa umbo la mraba.

Hakupiga kelele. Aliingiza mkono wake katika tundu, ukatokea upande wa pili, akautazama kana kwamba si wake. Kisha akalishusha shati, akalikunja, akaingia ndani. Kwa siku mbili hakusema nami ila salamu. Wazee husema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa mjukuu kwa nasaba. Siku zile nikawa mjukuu wa aina ile nyingine pia.

Usiku wa siku ya tatu aliniita. “Keti, mwanangu,” alisema. “Nataka nikuambie ulikata nini.”

Aliyonisimulia yalikuwa marefu, nami hapa nayafupisha. Miaka niliiongeza baadaye kutoka vitabuni, lakini habari ni zake. Babu yake alikuwa miongoni mwa askari wa Kisudani waliomtumikia Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Mwaka 1881 Mahdi alianzisha vita katika Sudani, na mwaka 1885 Khartoum ikaanguka, hata jimbo la Ikweta likatengwa na dunia. Haboba alisema kwamba wazee wa zamani waliwakumbuka adui zao kwa viraka. Ni kweli: wafuasi wa Mahdi walivaa joho la viraka kwa makusudi, kuwa ishara ya kuikana anasa ya dunia, na baadaye viraka hivyo vikashonwa kwa ustadi na kwa mpango kama pambo. Nilipolisikia jambo hilo nilistaajabu. Kumbe mambo ambayo mtoto wa shule huyaonea haya yalivaliwa na jeshi zima kwa fahari.

Mwaka 1889 Emin aliondoka pamoja na Stanley, na askari wengi wakabaki nyuma na wake zao na watoto wao. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert, wakaingia katika utumishi wa Waingereza. Mwaka 1902 vikosi vya Waingereza vya sehemu hizi viliunganishwa, na King's African Rifles ikazaliwa. Askari waliomaliza utumishi waliruhusiwa kukaa katika msitu ulio karibu na Nairobi, nao wakapaita Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Mwaka 1918 Serikali ya kikoloni ilipatangaza rasmi kuwa eneo la jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Waliruhusiwa kujenga na kulima. Lakini ruhusa si hati, na hati hawakupewa.

Baba yake Haboba naye aliingia Keya. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma, na mwaka 1944 alikuwa pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliposonga mbele katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope na maradhi, mpaka mto Chindwin. Alirudi nyumbani na shati lile.

“Hatukuwa na karatasi,” alisema Haboba. “Baba alituambia: mtu akija kukuulizeni kwa nini mnakaa hapa, msibishane naye, mwonyesheni shati. Nyumba hii aliijenga kwa sababu alilivaa. Wengine waliweka hati katika masanduku yao. Sisi tuliweka hilo.”

Nilitazama chini. Yeye akaendelea bila kuinua sauti. “Nilipokuwa msichana, ukisimama hapa hukuona mwisho wa mashamba yetu. Yakakatwa. Leo mtaa mpya huku, kesho mtaa mpya kule; bandu bandu huisha gogo. Waliokata walikuwa na sababu zao, na labda nyingine zilikuwa sababu njema. Kila mwenye mkasi ana sababu. Lakini hawakuja kutuuliza. Nawe, mwanangu, tulikuwa tukilala chumba kimoja, na hukuniuliza.”

Hapo ndipo nilipokielewa kitabu nilichokisoma vibaya. Missouri Pettway alizikata nguo za mumewe mwenyewe. Maombolezo yalikuwa yake, na nguo zilikuwa zake kuzikata. Mimi niliona uzuri wa kazi yake, nikausahau uhalali wake. Nilidhani kwamba kilichoufanya mfarishi ule uwe kitu kikubwa ni kitambaa, kumbe ni mkono uliokuwa na haki ya kushika mkasi.

Nilielewa na jambo jingine. Tarehe 2 Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya ardhi ya ekari 288. Mtaa wetu ulishangilia, nami nilishangilia pamoja nao. Haboba alisikiliza habari hiyo redioni, akamshukuru Mungu, akaendelea kuchambua mchele. Nilidhani kwamba ni uzee. Sasa nikajua kwamba furaha yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na hesabu ndani yake. Alizijua ekari zilizorudi, na alizijua zilizokatwa.

“Nifanye nini, Haboba?” niliuliza.

“Rudisha,” alisema.

Mraba wa kaki ulikuwa umekwisha kuungwa katikati ya mfarishi. Niliufumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nikadhani kwamba kazi iliyobaki ni ndogo. Kipande kilikuwa cha inchi 12 na nusu, na tundu lilikuwa la inchi 12 na nusu; mtu angetarajia kwamba vitakutana kama mlango na fremu yake. Lakini ukingo mbichi wa kitambaa hufumuka, hauna budi kukunjwa pindo. Nilipokunja robo inchi kila upande, kipande kilipungua kikawa inchi 12, na tundu likapanuka likawa inchi 13. Kati yake pakabaki pengo la nusu inchi pande zote nne. Nilipima mara tatu, nikapata jibu lile lile. Kitu kilichokatwa hupungua mara mbili: mara moja pale kilipotolewa, na mara ya pili siku ya kurudishwa.

Nilitaka kununua kaki mpya, niichovye katika maji ya chai ipate rangi ya uzee, nizibe pengo hata asijue mtu. Haboba alikataa. “Usiufiche,” alisema. “Tia amerikani chini yake, uiache ionekane.” Basi nikalaza kipande cha amerikani chini ya tundu, nikaweka kaki katikati, nikapiga bandi ili visisogee. Kisha nikavaa subana, nikashona kwa mkono, kwa mishono midogo ambayo cherehani yangu isingeweza kuifuata bila kukikunja kitambaa kile cha kale. Kazi hiyo ilichukua jioni nne. Ilipokwisha, mgongo wa shati ulikuwa na mstari mweupe wa nusu inchi uliozunguka mraba wa kaki kama ua lizungukavyo nyumba. Haboba aliupapasa kwa kidole chake pande zote nne, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Hakusema kwamba ni kazi nzuri. Alisema, “Umefika.”

Zilibaki siku 9, na sasa mfarishi ndio uliokuwa na tundu. Nilikuwa nimekata shauri kulijaza kwa kipande cha pazia na kunyamaza. Lakini asubuhi moja Haboba alilifungua tena sanduku, akatoa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, ambalo alilivaa katika arusi yake. Lilikuwa na maua mekundu, na wekundu wake ulikuwa bado mbichi.

“Hili sikuliomba,” nilisema kwa hofu.

“Najua,” alijibu. “Lete mkasi.”

Alikata mwenyewe. Mkono ulimtetemeka, na upande mmoja wa mraba ukapinda. Alipokuwa akikata alinisimulia arusi yake, nani alipiga ngoma, nani alikataa kula mpaka aombwe, na mvua iliyonyesha wageni wakiwa barazani. Ningeweza kuunyosha upande ule uliopinda kwa mkato mmoja. Sikuunyosha. Niliushona kama ulivyotoka mkononi mwake, na miraba iliyoupakana nikaipunguza kidogo ili ikae nao kwa amani.

Likabaki sharti la tatu. Mfarishi uliokuwa na gurbaba ya Haboba ungeuzwa, nami ningekuwa kama Harriet Powers, nikiutembelea kitandani mwa mtu mwingine. Yeye alilazimishwa na dhiki; mimi ningeuza cha mwingine kwa ajili ya sifa yangu. Nilimwendea kiongozi wetu nikamwambia yote. Alifikiri kidogo, akasema, “Asiyeuza hashindani. Lakini hakuna sharti linalokataza kutundika.” Ili nisiwe mdeni kwa waliopoteza cherehani, nilitoa katika mfuko wa kikundi fedha zote nilizozipata mwezi ule kwa kushona sare.

Siku ya maonyesho mfarishi wangu ulitundikwa mwisho wa kamba, bila namba. Zamu yangu ilipofika nilisimulia habari ya leso, ya shati la rangi na ya pazia. Kisha nikasimulia na ya mkasi. Sauti yangu haikuwa imara. Nilipomaliza, mama mmoja mzee aliuliza kutoka nyuma, “Na shati liko wapi?” Nilikuwa sijajitayarisha kwa swali hilo. Lakini Haboba aliinuka, akalitoa shati katika kikapu chake, akalitundika kando ya mfarishi, mgongo ukiwaelekea watu.

Wengi walikuja kuligusa. Mfarishi wangu waliutazama tu, lakini shati waliligusa, na kila aliyeligusa alifuata mstari ule mweupe kwa kidole. Mkasi wa zawadi alipewa mama aliyeshona vichochoro vya mtaa wake uliobomolewa, kila nyumba kwa kipande cha pazia lake. Naye alistahili kabisa.

Haboba alifariki mwaka 2022. Mfarishi najifunika mimi, na upande wake uliopinda naujua hata gizani. Shati limo katika sanduku lile lile la bati. Mara chache kwa mwaka nalitoa, nalianika, nalirudisha. Watoto wa ndugu zangu wakiuliza kwa nini nguo hiyo haivaliwi, naketi nao kitako nawasimulia yote, wala sisubiri mmoja wao apate umri wa kushika mkasi bila kuyajua.

Tangu siku zile nimeshona mifarishi mingi, na watu wamenilipa kwa kazi hiyo. Lakini kila nikiulizwa ni kiraka gani kilicho bora katika vyote nilivyoshona, sitaji kimoja kilicho katika mfarishi. Nataja kile cha kaki, kilicho mgongoni mwa shati, chenye pengo la nusu inchi lisilofichwa pande zote nne.